Tusidharau Maharagwe na Majani: Chakula cha Mimea na Wafanyakazi Wadogo wa Tumboni

Mazungumzo ya Kamati Ndogo ya Afya na Lishe, yaliyosomwa mbele ya wakaaji wa kambi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Siku kama ya leo tunakumbuka tulikotoka, tunawakumbuka waliobaki njiani, na tunahesabu miaka. Hayo yamesemwa vizuri na waliotutangulia hapa mbele. Sisi wa Kamati Ndogo ya Afya na Lishe tumeombwa tuseme juu ya jambo linalotugusa kila siku asubuhi na jioni, nalo ni sufuria. Tunataka kueleza kwa nini maharagwe, majani, mtama na viazi tulivyozoea kuviita chakula cha shida ni mali kubwa kwa mwili, na kwa nini kuviacha kunatuletea hasara.

Ndugu zetu, wote tunaona yanayotokea baada ya mgao. Siku ya pili maharagwe yako sokoni. Yanauzwa ili mtu apate sabuni, sukari, daftari la mtoto, au kwa sababu kuni za kuyapikia hazipo. Hatumlaumu mtu. Tangu mwaka 2020 mgao hapa Uganda umepunguzwa mara kwa mara, na kila nyumba inajua jinsi inavyojikaza. Lakini jambo jingine limeingia taratibu. Mtu akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza ni mkate mweupe na soda. Kijana akiona sombe mezani anauliza kama leo hakuna chakula. Lengalenga inaota nyuma ya nyumba, mbuzi wanaila. Hapo ndipo tunasema: tusimame kwanza, tufikiri.

WANAOKAA TUMBONI

Chakula tukishakimeza, kinavunjwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba. Sukari, unga mweupe, mafuta na nyama huishia karibu vyote huko, mwili unavichukua. Lakini mimea ina sehemu nyingine, nyuzinyuzi, ambayo mwili wa mwanadamu hauwezi kuivunja. Ipo katika ganda la haragwe, pumba za mahindi, majani, matunda na viazi. Hiyo inapita mpaka utumbo mpana ikiwa bado nzima.

Zamani watu walidhani nyuzinyuzi ni takataka ya kupita tu. Siyo. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi kupita hesabu ya kawaida. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilikadiria kwamba mwanaume mzima ana bakteria wapatao trilioni 38 mwilini, na karibu wote wako humo. Hawa si vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara damu. Wengi wao ni wenyeji wetu, tumeishi nao tangu kuzaliwa. Chakula chao ni zile nyuzinyuzi tulizoshindwa kuzivunja sisi.

Wakishazila, wanazichachusha, kama pombe ya mtama inavyochacha ndani ya mtungi. Katika kuchachusha wanatoa asidi nyepesi. Mojawapo inaitwa butireti. Asidi hiyo ndiyo chakula kikuu cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Ngozi ikishiba inakuwa imara, inazuia vijidudu wabaya na sumu visipenye kuingia kwenye damu. Asidi hizo pia huiambia kinga ya mwili itulie, isipigane pasipo vita. Kwa hiyo mama anapompa mtoto maharagwe, analisha wawili: mtoto mwenyewe, na wafanyakazi wanaomlindia ukuta.

Je, wafanyakazi hao wakikosa nyuzinyuzi? Katika panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi yao hugeuka na kuanza kula ute unaofunika utumbo, yaani wanaubomoa ukuta waliopaswa kuulinda. Mfanyakazi mwenye njaa huuza majembe.

Tunajua wengine mnacheka mkifikiria maharagwe na tumbo kujaa hewa. Sasa mmejua hewa hiyo inatoka wapi. Ni moshi wa kiwanda hicho. Mtu aliyekaa muda mrefu bila maharagwe akila sahani nzima siku moja atasumbuka. Aanze na kidogo, aongeze polepole, na tumbo litazoea.

MAMBO YALIYOONEKANA HAPA UGANDA

Habari hii haikuanzia Ulaya. Ilianzia kwa sehemu kubwa katika nchi hii iliyotupokea. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake Hugh Trowell alitibu wagonjwa Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Waliona jambo la ajabu: magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, mawe ya nyongo na kidole tumbo, hapa yalikuwa nadra sana.

Burkitt alikwenda mbali zaidi. Yeye na wenzake walipima choo cha watu, jambo ambalo wengi waliliona la aibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Mwanakijiji wa Uganda, aliyekula ndizi, maharagwe, viazi na mahindi, alitoa choo kizito mara kadhaa kuliko Mwingereza wa mkate mweupe. Chakula kilipita mwilini mwake kwa chini ya siku mbili, na kwa Mwingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt na Trowell wakaanza kuuambia ulimwengu kwamba nyuzinyuzi ni chakula. Habari za bakteria hawakuzijua vizuri, ila mlango waliufungua wao, kwa kuangalia sahani za wakulima wa Uganda.

WALIOBADILISHANA SAHANI

Miaka ya karibuni wataalamu wamefanya majaribio yanayoeleweka hata na mtoto wa shule. Moja lilitangazwa mwaka 2015. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Waafrika wakala nyama nyingi, mafuta na vyakula vya Kimarekani. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa Waafrika ilishuka hadi nusu, na dalili zinazohusiana na hatari ya saratani ya utumbo zikapanda. Hayo kwa siku 14 tu.

Jirani zetu wa Tanzania nao wametoa somo. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa mkoa wa Kilimanjaro, uliofanywa na madaktari wa Moshi pamoja na wa Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini waliohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, kinga yao ya mwili ilibadilika ikawa ya kuwaka ndani kwa ndani. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, cha mboga, maharagwe, ndizi na nafaka zisizokobolewa, mwili wao ulitulia. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Hata waliokunywa mbege, kinywaji kilichochacha cha ndizi na ulezi, walionyesha faida katika kinga. Hatusemi hivyo ili watu wakalewe. Tunasema kwamba uchachu ambao mabibi zetu waliujua una kazi mwilini.

Tuna wazee hapa kambini wanaomeza dawa za sukari na za presha. Dawa hizo wasiziache. Lakini wajue kwamba kwa wengi wao haragwe na majani ni msaada wa kweli kwa dawa, na soda ni adui yake.

KWA UPANDE WA WATOTO

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana ndipo penye uchungu wetu mkubwa.

Utapiamlo wa kuvimba, kwashiorkor, wote tunaufahamu. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, mtoto hacheki. Wengi tuliuona njiani na tuliuona hapa. Watu hujiuliza: kwa nini watoto wawili wa nyumba moja, wanaokula sahani moja, mmoja anavimba na mwingine hapana? Wataalamu walikwenda Malawi, wakafuata jozi 317 za mapacha hadi umri wa miaka mitatu. Katika jozi nyingi zilizopatwa na utapiamlo, aliugua pacha mmoja tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Walipochukua bakteria wa tumbo kutoka kwa watoto waliougua na kuwapandikiza kwa panya waliolishwa chakula kama cha Malawi, panya hao walikonda sana. Kumbe njaa si jambo la sahani pekee. Bakteria wa mtoto mwenye utapiamlo wanakuwa kama hawajakua, hawamsaidii kutumia hata kile kidogo anachokula.

Baada ya hapo, wataalamu wa Bangladesh na wa Marekani walitengeneza chakula cha kuwalisha bakteria hao. Hawakukiweka vitu vya ajabu. Kilikuwa na unga wa dengu, unga wa soya, karanga na ndizi mbichi, pamoja na sukari kidogo, mafuta na vitamini. Walikijaribu kwa watoto wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa kati, katika mtaa wa watu maskini wa Mirpur, mjini Dhaka, kwa miezi mitatu. Mwaka 2021 walitangaza kwamba watoto hao walinenepa vizuri kuliko wenzao waliopewa chakula cha kawaida cha msaada, ingawa cha kawaida kilikuwa na nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule.

Akina mama, tusieleweke vibaya. Mtoto aliyevimba miguu, au aliyekonda sana, au asiyetaka kula, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Maziwa ya tiba, pakiti za karanga na dawa anayopewa na mhudumu ndivyo vitakavyomwokoa. Asibaki nyumbani akilishwa dengu kwa sababu kamati ilisema hivi na hivi. Maneno yetu yanahusu mtoto ambaye bado hajaanguka, na yule aliyekwisha kupona asirudi kuanguka.

Tena tukumbuke chakula cha kwanza. Katika maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuivunja. Imewekwa kwa ajili ya bakteria wema wa tumbo lake. Ndiyo maana tunasisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa za kienyeji.

WANAOJIANDAA KUSAFIRI

Wako ndugu zetu wanaosubiri kupelekwa Marekani, Kanada na kwingineko. Nanyi mna la kusikia. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kuhusu wanawake wa makabila ya Hmong na Karen, waliotoka Thailand na Burma kwenda Marekani. Wengi wa Karen waliishi makambini kama sisi. Iligundulika kwamba baada ya miezi michache Marekani, bakteria wanaovunja nyuzinyuzi walianza kupungua, na kadiri mtu alivyokaa miaka mingi ndivyo walivyozidi kupotea. Watoto waliozaliwa huko walikuwa nao wachache zaidi. Kwa hiyo unapofunga mizigo, usiache nyuma mazoea ya sombe na maharagwe. Huko pia yanauzwa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

MAMBO YA KUFANYA

Tumeyapanga katika mambo sita, kila nyumba ichukue inayoweza.

1. Tusiuze maharagwe yote. Tunajua shida. Lakini kama ni lazima kuuza, ibaki angalau sehemu ya watoto na ya mama mjamzito.

2. Tuyaloweke usiku kucha, asubuhi tumwage maji yale, tupike kwa maji mapya. Yanaiva haraka, kuni zinapungua, na hewa tumboni inapungua pia.

3. Tupande majani mbele ya mlango. Lengalenga, matembele, majani ya maboga na ya kunde havihitaji shamba kubwa. Gunia moja lenye udongo na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanatosha kuanza. Tuchanganye aina, maana kila aina ya mmea hulisha bakteria wa aina yake.

4. Tusichekeche unga mpaka uwe mweupe kama chokaa. Pumba tunayowapa kuku ndiyo chakula cha wafanyakazi wetu. Tukisaga, tusage mahindi mazima. Lakini mahindi au karanga zenye kuvu zitupwe, hata kwa mifugo zisipewe.

5. Tusipoteze ufundi wa kuchachusha. Bushera ya mtama hapa Uganda, togwa ya Tanzania na uji wetu wa chachu ni vyakula vyema, vikitengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na chombo safi. Uchachu ule huzuia vijidudu wabaya. Huko Tanzania utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochacha walikuwa na vijidudu vya kuhara vichache zaidi chooni kuliko waliopewa uji wa kawaida. Vilevile mihogo michungu tusiharakishe. Kuivundika majini siku tatu au nne na kuianika vizuri ndiko kunakotoa sumu, na kazi hiyo pia hufanywa na vijidudu. Huko kwetu Kongo, penye njaa watu walipofupisha siku hizo, wengi walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo.

6. Tusinunue vidonge vya rangi mbili sokoni kila tumbo linapouma. Dawa za kuua vijidudu zinaokoa maisha zikitolewa na mganga aliyesoma. Zikimezwa ovyo zinaua pia wale wenyeji wema. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki, maziwa ya mama, na kupelekwa kituoni.

Na juu ya yote hayo, choo na sabuni. Hata mtu ale majani namna gani, akinywa maji machafu kila siku ukuta wa utumbo wake utabomoka. Lishe na usafi ni ndugu wa tumbo moja.

OMBI KWA WAGENI WETU

Waheshimiwa kutoka mashirika, tunawashukuru kwa kazi. Tunajua fedha hazitoki mifukoni mwenu, na kwamba ninyi pia mnapewa pungufu. Tunaleta maombi manne.

La kwanza, mgao unapopunguzwa, maharagwe na mbaazi visiwe vya kwanza kuondolewa. Mkikata mahindi tunasikia njaa wiki hiyo. Mkikata maharagwe, hasara inakuja polepole na inawakuta watoto. La pili, mtupe mbegu za mboga za asili tunazozijua, si kabichi peke yake. La tatu, kuni na majiko. Mtu hauzi maharagwe kwa sababu hayapendi; anayauza kwa sababu yanachemka saa tatu na kuni hana. Jiko zuri ni sehemu ya lishe. La nne, mnapofundisha akina mama, waulizeni kwanza wanachokijua. Bibi aliyevundika mihogo miaka 50 ana elimu, ingawa hana cheti.

Ndugu zetu, tulipokimbia tuliacha mashamba, ng'ombe, nyumba na makaburi ya wazee wetu. Vitu vichache tulivibeba bila kujua. Kimojawapo ni hawa wafanyakazi wadogo waliomo tumboni, ambao mama aliturithisha na chakula cha nyumbani kikawatunza. Hawakupigwa chapa mpakani wala hawakuandikishwa kwenye kadi ya mgao, lakini wapo, na wanangoja kulishwa. Wiki ijayo ni siku ya mgao. Tutakuwa pale penye mizani, pamoja na akina mama wa vikundi, kumwonyesha kila anayetaka jinsi ya kupanda mboga kwenye gunia na kuloweka maharagwe. Njooni na magunia yenu.



Kamati Ndogo ya Afya na Lishe